Herufi za Kikapu cha Kibugu

Tangu nikiwa msichana nimekuwa nikiandika maneno ya watu wengine. USIKOJOE HAPA. MBWA MKALI. MKOPO NI KESHO. Nimeandika makanisa na nimeandika baa, na kuna jengo moja hapa Embu niliandika vyote viwili, kanisa mbele na baa nyuma, na hakuna aliyelalamika. Hakuna pia aliyewahi kuniuliza mimi mwenyewe nina neno gani. Sasa wewe Makena na wenzako pale dukani mmeniambia, "Mama Kagendo, umestaafu, hebu tuandikie ya kazini," na tangu Jumatatu nimekaa hapa nyumbani, mtaa wa Dallas, natazama karatasi, mkono mzito. Kuandika ya watu kumbe ni rahisi.

Basi sikilizeni. Ya vyeo na mishahara sitayaandika. Nilianza nikiitwa fundi na nimemaliza nikiitwa fundi, na mambo ya mshahara mwulizeni mwenye duka, yeye ndiye anayejua kunyamaza vizuri. Nitaandika yale ambayo kompyuta haitawaambia.

Kazi niliianzia mjini Meru, miaka ya sabini, kwa mzee mmoja aliyeitwa Kithinji. Alikuwa na banda lake nyuma ya bucha, na ndani mlinukia tapentaini na nyama, sijui kipi kilikuwa kinashinda. Nilikuwa nimetoka shule, nachora vizuri, na baba yangu alitaka niende kusomea ualimu. Nikaenda kwa Mzee Kithinji badala yake. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Utapanda ngazi na sketi?"

"Nitavaa suruali."

"Babako anajua?"

"Atajua akiniona."

Alicheka mpaka akaketi juu ya debe la rangi. Kisha akanipa brashi na mlango wa zamani uliokuwa umeegemezwa ukutani, akasema nichore O. Nikichora, anapita, anafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anasema, "Tena." Wiki nzima. Wiki ya pili nikafikiri nitapewa A. Wapi! Ni O. Alisema anayejua kuchora O hawezi kushindwa na herufi yoyote, kwa sababu O haina mahali pa kujificha. Nilimchukia mzee yule kwa mapenzi, kama mnavyonichukia mimi nikiwaambia mfute.

Alinifundisha kuosha brashi kwa mafuta ya taa, halafu sabuni, halafu kuipaka mafuta ya kupikia na kuinyoosha kwa vidole ilale ikiwa imenyooka. Brashi ikilala vibaya, kesho inaamka na hasira. Alinifundisha uzi wa chaki: unaupaka chaki, mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati na kuuachilia, pah! na mstari umelala ukutani. Na ile fimbo yenye kitambaa kichwani ya kuegemezea mkono, ambayo mmoja wenu, sitamtaja, aliitumia kufukuza kuku.

Mzee alikuwa mtu wa Maua, kule kunakolimwa miraa, kwa hiyo wateja wetu wengi walikuwa wenye pikapu za miraa. Hao ni watu wasiojua neno "subiri". Alasiri moja naandika MUNGU NI MWEMA juu ya pikapu ya kijana mmoja, nimefika MUNGU NI, nasikia mzigo umeshafungwa. Akaruka ndani, akawasha gari, akaniacha nimeinua brashi hewani. Wiki nzima pikapu ile ilikwenda Nairobi na kurudi ikisema MUNGU NI, na watu wa njiani wakiuliza Mungu ni nini. Aliporudi nilimmalizia MWEMA, lakini ukiangalia ungeona halifanani na yale ya mwanzo, kwa sababu niliandika nikiwa na hasira. Sisi Wameru tunasemwa kwa hasira, na mimi sikufanya bidii ya kuwakanusha.

Embu nilikuja kwa sababu ya mume. Mume alikwenda zake, mji ukabaki, na mimi nikabaki na mji. Nikapata kona pale karibu na soko, halafu baadaye nikaingia kwenye duka hili lenu kabla halijajua kompyuta ni nini.

Sasa niwaambie kazi ambayo hakuna mtu huitangaza, nayo ndiyo iliyofanya mkono wangu ujulikane kuanzia mjini hadi msituni. Ni misalaba. Mnajua mazishi ya kwetu. Fundi wa mbao anatengeneza msalaba, unapakwa rangi nyeupe, halafu unaletwa kwangu niandike jina kwa rangi nyeusi, alizaliwa lini, akafariki lini. Siku ya mazishi mtu anaubeba na kutembea nao mbele ya jeneza, na umati wote unaangalia mgongo wake na msalaba ule, hakuna pengine pa kuangalia. Kwa misalaba nilikuwa na herufi za aina moja tu, zile nilizofundishwa na Mzee Kithinji: nyembamba hapa, nene pale, na kila mguu wa herufi umemalizia kwa kistari kidogo chini. Nyinyi mnazo kwenye kompyuta kwa majina ya Kizungu. Sisi tuliziita herufi za viatu. Mzee alisema marehemu hawezi kwenda peku. Niliandika hivyo miaka na miaka, na aliyekuja kuagiza alikuwa analia, hakuwa na nguvu ya kunichagulia herufi.

Kwa hiyo nikija kwenye kikapu cha JOTO, mnielewe.

Herufi za JOTO mnazijua. Zile nene, za mviringo, zisizo na ncha, mnazoziona kwenye vikapu mpaka leo. Kila mwanafunzi anayekuja dukani anasema, "Ai, hizi ni rahisi, hata mimi naweza." Haya. Nitawaambia zilivyopatikana.

Aliyekuja kwangu alikuwa Karimi, afisa wa maendeleo ya jamii, msichana wa Meru kama mimi, mchangamfu, anatembea kana kwamba ardhi inamdai. Aliingia dukani amebeba kiondo kikubwa, kikapu cha kusuka, akakiweka juu ya meza yangu bila kuuliza, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, na mvuke ukanipiga usoni.

"Hii imetoka kwa moto saa ngapi, unafikiri?"

"Sasa hivi."

"Asubuhi, Mama! Kabla nioge!"

Ndivyo nilivyokijua. Akina mama wa Kibugu, wachuma chai, walikuwa wamekibuni wenyewe. Unachemsha chakula muda mfupi tu, unakiweka kikiwa ndani ya sufuria yake kwenye kikapu, unafunika, unazima moto, unakwenda zako shambani, na ukirudi chakula kimeiva bila mtu kukikaribia. Mmoja aligundua kwamba ukishonea ndani blanketi zilizochakaa joto halitoki. Mwingine akasema mdomo wa kiondo upanuliwe. Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kifuniko, mto wa mviringo uliojazwa manyoya ya kondoo, unaoshuka na kukumbatia sufuria kutoka juu. Huo ulikuwa wa mama mmoja aitwaye Muthoni, na hakuna mwingine aliyeweza kuushona ukakaa vile. Jina walishachagua, JOTO, kwa Kiswahili, ili Mmeru na Mkamba na mtu wa Nairobi wote wanunue. Maonyesho ya kilimo yalikuwa karibu. Walichokosa ni herufi.

"Ziwe za namna moja, zisibadilike," Karimi akasema. "Mtu akiziona popote aseme, hicho ni cha Kibugu. Na wachague wao, si mimi, si wewe."

Nikatayarisha karatasi tatu. Ya kwanza, herufi za viatu, kwa sababu ndizo nilizoziweza kuliko zote na nilitaka kuwapa kilicho bora. Ya pili, mwandiko wa kulala, kama wa mwalimu ubaoni. Ya tatu, herufi za miraba kama za magunia. Tukapanda Kibugu, baridi ile ya msituni inatuuma masikio, tukaingia katika darasa la nasari la kanisa. Akina mama walikuwa wametoka kuchuma, vikapu vya chai vimepangwa nje. Nikabandika karatasi zangu ubaoni.

Wakatazama. Wakatazama sana.

"Ni mazuri," akasema mmoja.

"Ni mazuri," wakasema wengine.

Kisha tukaombewa, tukapewa chai na nduma za kuchemsha, tukaulizwa habari za mjini. Karimi akauliza, "Sasa tuchague?" Wakasema, "Tutachagua." Akauliza tena, wakamwongezea chai. Mimi damu ilikuwa inapanda. Nilisema moyoni, hawa watu wananichezea, nimeacha kazi zangu nikaja kunywa chai.

Hapa wekeni kalamu chini mnisikize, nyinyi mnaotuma herufi kwa simu na kungoja mteja ajibu "sawa". Huku kwetu, Embu na Meru ni mamoja, neno la kikao husemwa kikaoni, lakini neno lenyewe husemwa ukisindikizwa. Ukiona mtu amekubebea mkoba na kutoka nawe, punguza mwendo. Ndio kazi imeanza.

Aliyechukua mkoba wangu alikuwa Mama Nyaga, mwenyekiti wao, mama mnene mwenye ulimi usio na breki. Alimwambia Karimi abaki ahesabu vikombe. Tukatembea kimya mpaka nyumba zikapotea nyuma ya majani ya chai, ndipo akasimama.

"Fundi, hizo herufi za kwanza ni za msalaba."

"Ati?"

"Za msalaba. Si ni wewe unaandikanga misalaba? Tunakujua kwa mkono. Mzee wangu ulimwandika, na mama mkwe pia. Sasa unataka tuweke chakula ya watoto ndani ya kitu imeandikwa kama kaburi?"

Jamani, nilicheka, na aibu ikanishika hapo hapo katikati ya kicheko. Miaka yote nilifikiri watu wanasoma majina. Kumbe walikuwa wanasoma mkono.

"Kwani mngeshindwa kuniambia ndani?"

"Ndani kulikuwa na Muthoni."

Akatazama nyuma kwanza. Kisha akanieleza. Muthoni alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, hajaanza hata nasari. Asubuhi moja alikwenda kuchuma chai, akaacha sufuria ya githeri motoni kama sisi sote tulivyokuwa tunaacha, na mtoto akabaki na mdogo wa kike wa Muthoni, msichana tu, aliyetoka kidogo kuchota maji. Moto ulishika nyumba. Muthoni aliona moshi kutoka shambani, akakimbia, akaingia, na mikono yake ndiyo ile niliyoiona darasani, vidole vimekunjamana. Mtoto hakupona.

"Ndiyo sababu ya kikapu," Mama Nyaga akasema. "Tulikaa chini tukasema, hakuna mtoto ataachwa na moto tena hapa. Muthoni hakuongea hiyo siku. Alienda tu, akarudi wiki ingine na kifuniko."

Mama Nyaga akahamisha mkoba wangu mkono wa pili.

"Sasa akiona hizo herufi kila asubuhi kwa kifuniko yake, ataacha kuja. Hatasema kitu. Ataacha tu. Na Muthoni akiacha, hakuna kikapu, na sisi tutakuwa tumemzika mara ya pili. Kwa hivyo lete zingine. Na usimwambie chochote. Sisi hatujawahi kumwambia chochote."

"Mtoto aliitwa nani?"

"Murimi."

Nikaketi kwenye ukingo wa barabara, na nguo yangu nzuri. Nilimkumbuka. Misalaba huwa siikumbuki, ningeikumbuka ningekuwa wazimu. Lakini ule fundi wa mbao aliuleta mdogo kuliko yote niliyokuwa nimewahi kupewa, na baba mdogo wa mtoto aliniambia niandike Dennis Murimi, na mbao ya kukatisha ikawa haitoshi majina mawili. Nilisimama na brashi muda mrefu siku ile.

Nilirudi mjini nikafanya kazi. Niwape na ufundi wenyewe, kwa sababu ndio mliouomba. Herufi za JOTO zilikuwa zipakwe kwa stensili, karatasi ngumu iliyotobolewa, juu ya turubai ya kifuniko. Stensili nilikata kwenye picha za eksirei zilizotupwa, ambazo ni ngumu na hazinywi rangi. Herufi nyembamba ikikatwa hivyo haidumu, inararuka baada ya vikapu vichache tu. Na O ina shida yake: ukiikata duara, tumbo lake la ndani linaanguka, kwa hiyo lazima uache vidaraja viwili vya kulishika. JOTO ina O mbili, na mimi nilishukuru mlango wa Mzee Kithinji. Karimi alikuja na karatasi kutoka kompyuta ya Nairobi, herufi nyembamba kama miguu ya kifaranga.

"Hizi ndizo za kisasa, Mama."

"Za kisasa zitavunjika kabla ya maonyesho."

"Lakini ni safi!"

"Hata maji ni safi, Karimi. Jaribu kuyakata kwa wembe."

Alinuna, akanywa chai yangu, tukapatana. Nikachora nene, pembe zote nimezizungusha, mwanya ndani ya O mdogo, kama kitu kilichofungwa vizuri kisipoe. Nikachora na nyingine mbili za kusindikiza. Zile za viatu niliziacha nyumbani, chini ya godoro.

Kikao cha pili akina mama walichangamka. Mara hii walisogea mpaka ubaoni, wakagusa, wakabishana, mmoja akasema herufi nene zimeshiba, mwingine akasema ndiyo sababu anazitaka. Nikajua tumefika. Ndipo Muthoni akaongea. Alikuwa ameketi nyuma karibu na dirisha, kwenye benchi la watoto wa nasari, mikono ndani ya leso. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini darasa zima lilinyamaza kana kwamba limezimwa.

"Fundi, ile karatasi ya kwanza iko wapi?"

Nikamtazama Mama Nyaga. Mama Nyaga akatazama dari.

"Ilikuwa na herufi nyembamba," Mama Nyaga akasema. "Fundi anasema itararuka. Si ndiyo, fundi?"

"Ndiyo," nikasema.

Muthoni akainuka, akaja mbele, akachukua mkoba wangu mezani. "Leo fundi nitamsindikiza mimi."

"Lakini kikao hakijaisha!" Karimi, maskini, akasema.

"Kitangoja."

Hakuna aliyemzuia. Tulitembea mpaka kwenye banda la kununulia chai, ambalo siku ile halikuwa na mtu, ile meza ndefu ya kuchambulia majani ikiwa tupu. Akaweka mkoba juu yake.

"Msalaba wa Murimi ni wewe uliandika?"

Niliambiwa nisimwambie chochote. Lakini nilishasema "ndiyo" moja ya uwongo siku ile, na ya pili ilinikataa.

"Ni mimi."

"Ulikuwaje?"

Sikumwelewa.

"Sikuuona," akasema. "Nilikuwa hospitali. Nilipotoka, kwa mume wangu walikuwa wamenifungia mlango, wanasema nimemchoma mtoto wao. Nikaenda kwa kaka yangu. Pale kaburini sijawahi kukanyaga, na nasikia mchwa wamekula msalaba. Watu wote wa Kibugu waliuona, fundi. Wote. Mimi peke yangu ndiye sijui. Na nikiingia mahali wananyamaza. Wananipenda, najua. Wananyamaza kwa sababu wananipenda. Lakini mimi kila siku namtengenezea msalaba kwa kichwa, na kila siku unatoka tofauti, na sijui ni gani ilikuwa ya kweli."

Mimi si mtu wa kulia, mwulizeni Makena. Nililia pale kwenye banda la chai kama mtoto aliyenyimwa. Kisha nikafuta uso kwa mkono, nikatoa karatasi kubwa, brashi na kikopo cha rangi nyeusi, nikaandika. Nilichora kwanza msalaba kwa ukubwa wake, ukatosha karibu wote juu ya karatasi ile. Halafu jina, pole pole, M na vistari vyake chini, U, R. Muthoni alisimama pembeni, akifuata brashi kwa macho. Nilipomaliza I ya mwisho nikarudi nyuma.

"Murimi peke yake?" akauliza. "Dennis wapi?"

"Niliiweka chini, ndogo, na tarehe. Mbao ilikuwa fupi. Ningeyaandika yote mawili juu ningeyabana. Nikaona nisimbane. Nikaandika hili moja likae na nafasi."

"Ulimwandika kubwa hivi?"

"Kubwa hivi hasa."

"Kama mtu mzima."

"Kama mtu mzima."

Akapitisha kidole kilichokunjamana juu ya herufi, hewani, bila kugusa rangi mbichi. Akafuata kila moja mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Alikuwa analia na kutabasamu, na mimi nilimshika bega kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Kwa kikapu weka hizo nene," akasema mwishowe. "Hizi ni zake."

Nilidhani ataikunja karatasi na kwenda nayo kwao. Hakuikunja. Aliishika kwa mikono yote miwili, wazi, rangi ikiwa haijakauka, akarudi nayo njia ile ile tuliyojia, mimi nyuma yake na mkoba. Akaingia darasani, akaiweka juu ya meza ya mwalimu, juu ya karatasi zote za JOTO. Akina mama waliinuka wakaiona. Mmoja akasema, "Ngai," akimwita Mungu, akaziba mdomo.

"Hivi ndivyo ulikuwa?" Muthoni akauliza.

"Ndivyo," Mama Nyaga akasema, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwisha yote.

"Basi niambieni. Nyinyi mlikuwa huko."

Kisha mama mmoja akasema siku hiyo kulikuwa na manyunyu, si mvua, manyunyu tu. Mwingine akasema watoto wa nasari hii hii ndio walioimba, na walikosea ubeti wa pili na hakuna aliyewasahihisha. Mwingine akasema walimvalisha sweta la kijani, na Muthoni akasema, "Lile nililofuma mimi?" na yule mama akasema, "Lile lile." Wakaongea wote, mmoja akimkatiza mwingine, miaka ya kunyamaza ikitoka kwa pamoja, na Karimi ameketi sakafuni analia na hajui mtoto mwenyewe. Siku ile hatukuchagua herufi. Chai ilipoa na hakuna aliyeikumbuka.

Ndipo Muthoni akauliza, "Msalaba ulibebwa na nani?"

Mama Nyaga akasukuma benchi, akaja mbele yake.

"Mimi," akasema. "Wewe hukuwa huko, na nikaona si vizuri atangulie bila mama. Nikawaambia wanipe mimi."

"Ulikuwa mzito?"

Mama Nyaga akatikisa kichwa. "Ulikuwa mwepesi, Muthoni. Mwepesi sana. Nilikuwa naomba ungekuwa mzito."

Muthoni akaichukua mikono ya Mama Nyaga, akaigeuza viganja juu, akaishika hivyo, na hakuiachilia.